BATI LILILOOZA: LAND ROVER YA MOKOWE

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi na fundi wa mabati wa karakana ya mabehewa. Yamepigwa chapa kwa ombi la Katibu.)



Katibu aliniomba nizungumze juu ya kazi niliyoifanya wakati wa livu yangu huko Mokowe, kaunti ya Lamu, maana wenzetu wengi hapa wana magari ya zamani nyumbani kwao, au wana baba na wajomba walio nayo, na kila siku tunaulizwa, "Wewe ni fundi wa reli, huwezi kunizibia tundu hili?" Basi leo nataka kusema jinsi tundu linavyozibwa, na kwa nini mara nyingi ni afadhali kulikataa kuliko kulifanya vibaya.

Kwanza niwaeleze mahali penyewe, kwa kuwa wengine hamjafika. Lamu mjini hakuna njia ya gari. Vichochoro vyake ni vyembamba, punda ndio lori na punda ndio teksi, na kwa miaka mingi gari lililojulikana pale lilikuwa moja tu, Land Rover ya Mkuu wa Wilaya, iliyokuwa ikienda na kurudi pale pwani kwa kuwa haikuwa na pengine pa kwenda. Mji huo uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001. Magari yenyewe yako ng'ambo, bara, kuanzia gati la Mokowe kwenda Hindi, Mpeketoni, Witu na Garsen. Mimi ni mzaliwa wa Mpeketoni na nilisoma huko katika shule ya misheni, kwa hiyo njia hiyo naijua tangu ilipokuwa mchanga na matope. Sasa ina lami, na tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipofunguliwa mwezi wa Mei 1921 + 100, yaani 2021 (wazee waliokuwa wakingojea huniambia ilikuwa kama miaka mia), vyuma vingi zaidi vinaletwa kukaa katika upepo ule wa chumvi. Reli ya Lamu bado ni ya kwenye ramani. Siku itakapofika, mtaona mabehewa yatakavyoliwa.

Gari ninalolisema ni Land Rover fupi ya mwaka 1976. Mwenyewe ni mzee mmoja wa Mokowe ambaye hupakia abiria na magunia ya korosho na simsim. Mwezi wa Machi mlango wa kushoto ulifunguka peke yake njiani karibu na Hindi, gari likiwa linapinda kona. Mama mmoja alikuwa amekaa mlangoni na mtoto mapajani. Jirani yake alimshika nguo, wakapona. Mzee alifikiri ni kitasa, akanunua kitasa kipya. Mlango ukafunguka tena. Ndipo aliponiita.

Sasa sikilizeni ajabu ya gari hili. Watu husema Land Rover haishiki kutu kwa kuwa bodi yake ni alumini. Ni kweli nusu. Lilipoonyeshwa mara ya kwanza, katika maonyesho ya magari ya Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha kugawiwa kwa vibali, lakini alumini ilikuwapo. Kwa hiyo wakatengeneza bodi kwa madini yaitwayo Birmabright, yaani alumini iliyochanganywa na magnesi. (Mwaka huo huo wa 1948 ndipo reli zetu na bandari ziliunganishwa kuwa East African Railways and Harbours. Wazee wetu wa karakana waliozoea chuma cha reli walicheka sana kuona gari la bati laini kama sufuria.) Lakini chesi ni chuma. Ukuta wa mbele, ule unaotenga injini na abiria, ni chuma. Beseni la kuwekea miguu ni chuma, na nguzo ambazo bawaba za mlango zimefungwa ni chuma. Basi ngozi ni alumini na mifupa ni chuma, na mtu hutazama ngozi akasema gari zima.

Tena kuna jambo jingine baya. Madini mawili tofauti yakigusana na katikati yakapata maji ya chumvi, huwa ni betri. Umeme mdogo unapita kati yao usiouona wala kuusikia, na mmoja wao huliwa. Katika alumini na chuma, anayeliwa ni alumini: utaona unga mweupe chini ya rangi, rangi inafura kama lengelenge, na ukigusa bati linatoka vidoleni. Chuma nacho, rangi ikishatoka, hufanya kutu yake mwenyewe kwa maji na hewa, na chumvi huiharakisha kwa kuwa inafanya maji yapitishe umeme vizuri. Ndiyo sababu hiyo hiyo meli za chuma hufungwa vipande vya zinki chini ya maji. Zinki huliwa badala ya meli, na ikiisha hufungwa nyingine.

Niliposhika bisibisi na kuchoma beseni la miguu la upande wa kushoto, iliingia mpaka mpini. Juu palikuwa na rangi nzuri ya kijani, imeng'aa. Chini ya rangi palikuwa na puti. Chini ya puti palikuwa na wavu wa kuku, magazeti yaliyokunjwa, na kipande cha debe la mafuta ya kupikia kilichopigwa ribiti tatu. Nguzo ya mlango kwa chini ilikuwa imebaki kama biskuti iliyolowa chai, na bawaba ilikuwa inashikwa na rangi tu. Kazi hiyo ilifanywa na garaji moja, jina nalificha, na mzee alilipa pesa kamili na gari likapita. Kitasa hakikuwa na kosa lo lote, ndugu zangu. Mlango ulifunguka kwa sababu nguzo yote ilikuwa inacheza.

Hapo ndipo tulipobishana. Mzee aliniambia, "Kijana, weka puti nyingine nzuri, Jumamosi nina abiria." Nikamjibu, "Mzee wangu, nikikuwekea puti nitakuwa nimekuuzia rangi, na yule mama atarudi kukaa palepale." Akanyamaza. Akasema kwamba kwa bei yangu angeweza kutengeneza mara mbili kwa mwingine. Nikamwambia ni kweli, na ndiyo maana amekwisha kulipa mara mbili. Tulikaa na kahawa mpaka adhuhuri. Sikupunguza, lakini nilimwandikia kwenye karatasi kila kitu: bati kiasi gani, siku ngapi, mimi kiasi gani, na yule kijana msaidizi kiasi gani. Alipoona jina la msaidizi na ujira wake vimeandikwa kando, si ndani ya mkono wangu, akacheka, akasema hajaona fundi wa namna hiyo, akakubali. Nawasihi wenzangu mfanye hivyo. Bei iliyoandikwa kwa vipande mtu huweza kuibishia kipande kwa kipande. Bei ya mdomo huishia kwenye kupunguzwa, na anayepunguzwa kwanza huwa ni kijana wa kushika taa.

Kabla sijakata kitu nilivuka kwenda Matondoni. Msishangae. Matondoni ni kijiji cha mafundi wa majahazi, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, na mtu anayetaka kujua jinsi ya kutoa kipande kilichooza katika kitu kilichopinda, bila kitu chote kuharibika umbo, hao ndio walimu. Nilikaa nao siku moja wakibadilisha ubao wa jahazi lililopandishwa pwani wakati wa bamvua. Fundi hakuanza kwa msumeno. Alianza kwa nyundo ndogo, anagonga na kusikiliza, tok, tok, tok, halafu sauti inakuwa nzito kama ya boga, hapo anatia alama ya mkaa. Kisha anachoma kwa ncha ya kisu. Alama zake zilipokwisha, ubao uliokuwa umeoza shubiri mbili ulikuwa umetiwa alama dhiraa tatu. Nikamwuliza, "Baba, mbona unakata na mbao nzima?" Akasema kwamba kiungo cha ubao hakikai hewani, lazima kikae juu ya taruma, na tena viungo vya mbao mbili zinazopakana havipangwi mahali pamoja, maana jahazi litapasukia hapo.

Niliona mambo mengine matatu pale ambayo nilirudi nayo Mokowe. Jahazi lilikuwa limeegemezwa magogo pande zote kabla ubao haujatolewa, na hawatoi mbao nyingi kwa pamoja. Msumari haupigwi hivi hivi: tundu linatobolewa kwanza kwa kekee, na chini ya kichwa cha msumari huzungushwa uzi wa pamba uliochovywa mafuta, ili maji ya bahari yasiufuate msumari ndani, kwa kuwa kutu ya msumari huozesha ubao ulio uzima. Na mwisho, ufa hutiwa kalafati, nje hupakwa sifa, na chini ya maji deheni, kila mara, si mara moja tu katika maisha ya chombo. Jahazi ni kazi isiyokwisha. Wenye magari hawapendi kusikia hivyo.

Na niwaambie kwa kupita, babu za watu wa visiwa hivyo walikuwa na chombo kisichokuwa na msumari hata mmoja, kiitwacho mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za kumbi na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe ilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Chombo hicho kilikuwa na taabu zake, kilivuja na kilitaka kushonwa upya, lakini kutu haikukijua.

Turudi kwenye gari. Kazi ya kwanza si ya kuchomelea, ni ya kutoa vitu. Waya hasi wa betri utoke. Viti vitoke, mazulia yatoke, waya za taa zifunguliwe na kufungwa pembeni, mipira ya breki ifunikwe kwa bati. Na katika Land Rover fupi za aina hiyo tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele, yaani hatua moja tu kutoka pale unapotaka kuwasha moto. Litolewe lote, lipelekwe mbali. Kuna mafundi wanaosema, "Nimelimwaga, halina kitu." Ndugu zangu, tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa kuwa kinachowaka kwa kishindo ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na tangi tupu limejaa huo. Mzee alitaka kulifunika kwa gunia lililolowa maji. Nilikataa kushika kifaa cho chote mpaka tangi lilipokaa nyuma ya nyumba chini ya mwembe.

Kisha nikafanya kama Matondoni. Nyundo, sikio, chaki. Tundu la kupitisha vidole vitatu likawa alama ya sentimita 45 kwa 30, pamoja na shubiri moja ya chini ya nguzo ya mlango. Tukaliinua gari kwa jeki, tukaliweka juu ya magogo ya mikoko, tukalipima kwa kamba ya maji likawa sawa. Halafu, na hili wengi huliacha, kabla ya kukata nguzo nilichomelea chuma cha pembe kukingama mlango, kutoka nguzo ya mbele hata ya nyuma, na nikapima mlango kwa mshazari, pembe hadi pembe, mara mbili, nikaandika vipimo ukutani. Nguzo ikikatwa bila kushikwa huhama milimita chache tu, huioni kwa macho, lakini mlango hautafungika tena mpaka siku ya kiyama. Sisi wa mabehewa tunalijua hili: ubavu wa behewa la zamani huoza chini ya madirisha, mahali maji yanapoingia na kukaa, na ukitoa bati refu kwa mara moja, paa linashuka kidogo na madirisha yote yanakwama.

Ramani ya kipande kipya nilikata kwa karatasi ngumu ya boksi la sabuni, nikaikunja mahali pa kukunjwa mpaka ikakaa vizuri. Karatasi ni rahisi, ikosee mara kumi. Ndipo nikaihamishia kwenye bati. Bati lenyewe ni geji 18 kwa beseni, kama milimita 1.2, na geji 16 kwa nguzo, kama milimita 1.6. Mzee aliniletea mabati ya paa yaliyobaki. Hayafai kwa mambo mawili. Ni membamba mno, na yamepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe ambao fundi akiuvuta, jioni hushikwa na homa, baridi, viungo kuuma na ladha ya chuma mdomoni, hata akadhani ni malaria. Mafundi wa Jua Kali hunywa maziwa kwa ajili hiyo. Maziwa ni mazuri kwa njaa. Moshi hauendi tumboni, huenda mapafuni, na dawa yake ni kuikwangua zinki, kukaa upande upepo unakotoka, na kutumia bati jeusi.

Kukata: alama za kiwandani, vile vidoa vya mviringo ambapo mabati mawili yalishikanishwa, hutobolewa kwa drili kila kimoja, kisha tindo jembamba hutenganisha. Ukitumia grainda kila mahali kwa haraka utakata na kile ulichotaka kibaki. Endelea kukata mpaka ukingo wote uwe chuma kinachong'aa kama sarafu. Hapa nilikumbuka mahubiri ya shuleni kwetu juu ya mtu anayeshona kiraka kipya katika vazi kuukuu, kipya kikalipasua la zamani. Mhubiri hakuwa akisema habari za Land Rover, lakini jambo ni lilo hilo. Kipande kipya kikichomelewa kwenye ukingo uliokwisha kuwa mwembamba kama ganda la yai, moto utautoboa, na ukiushika leo utakatika kandokando ya kiungo baada ya mvua mbili.

Juu ya namna ya kuunganisha kuna maneno mengi. Wengine hulaza bati jipya juu ya la zamani na kuchomelea ukingo. Ni rahisi, nami siwalaumu kwa behewa la mizigo. Lakini katika chumvi, kati ya mabati mawili yaliyolaliana maji hunyonywa kama utambi unavyonyonya mafuta, na hayatoki. Mimi niliyakutanisha ukingo kwa ukingo katika beseni, nikiacha nafasi kama unene wa bati lenyewe, na pale kwenye nguzo ambapo lazima yalaliane nikatoboa matundu katika la juu nikayajaza kwa kuchomelea, baada ya kupaka ndani rangi ya zinki inayovumilia moto. Rangi hiyo nayo hutoa moshi uleule wa zinki, kwa hiyo ing'arishwe kidogo pale pa kuchomelea na upepo uwe mgongoni.

Yule kijana msaidizi alikuwa na mashine ya umeme ya vijiti. Mashine ya waya na gesi ni bora kwa bati jembamba, lakini tulikuwa wakati wa kusi, upepo unavuma kutwa, na upepo huipeperusha ile gesi ya kukinga hata chomeleo likawa na matundu kama mkate wa mofa. Tukatumia vijiti vyembamba vya milimita 2, na umeme mdogo, kati ya ampea 40 na 60. Hatukuvuta mstari. Nukta hapa, nukta kule ng'ambo, nukta katikati, kisha subiri mpaka mkono uweze kugusa. Ukivuta mstari mmoja wa shubiri nzima bati litajikunja kama chapati juu ya moto, wala hutalinyosha tena. Kujaza nafasi zote kwa nukta kulituchukua siku moja na nusu. Mzee alikuwa anakuja kila saa kuuliza kama tumelala.

Sasa juu ya kijana huyu. Nilimkuta anachomelea kwa miwani ya jua ya kawaida, kama hao tunaowaona kila barabara ya Mombasa. Nilimwuliza kama usiku macho yanamuuma. Akasema ndiyo, kama yametiwa mchanga, na kwamba hukatia viazi mbichi akaviweka juu. Mwanga wa kuchomelea huunguza jicho kama jua linavyounguza ngozi, na maumivu huja baada ya saa kadhaa, kwa hiyo mtu halaumu kazi, hulaumu vumbi. Miwani ya jua humdanganya tu, maana giza lake humfanya akodoe macho zaidi. Kofia yenye kioo halisi cha kuchomelea ilikuwa katika lile andiko langu la bei, kipande cha nne, na mzee aliilipia. Nilipoondoka ilibaki kwa kijana. Watoto wa jirani waliokuja kutazama tuliwafukuza kwa upole, tukatundika turubali.

Na kulikuwa na mtu wa kulinda moto. Katika karakana yetu hili si jambo geni, lakini nje watu hulicheka. Chini ya gari la zamani kumepakwa lami, na ndani ya kuta kuna manyoya, majani, na viota vya panya. Cheche huingia zikakaa kimya. Mpwa wa mzee alikaa na ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto, na kila tulipoacha kazi alibaki nusu saa nzima. Siku ya tatu aliona moshi nyuma ya nguzo tulipokuwa tumekwisha kukaa kula. Ilikuwa gunia kuukuu lililosukumwa ndani na mtu zamani ili kuzuia vumbi. Alilizima kabla hatujanawa mikono.

Baada ya kuchomelea watu hukimbilia rangi. Pwani ya Lamu hapo ndipo kazi huharibikia. Chuma kitupu kikilala nje usiku mmoja, asubuhi ni chekundu. Na hata kikiwa cheupe kimebeba chumvi usiyoiona, na ukiipaka rangi juu yake umeifungia ndani pamoja na unyevu, nayo itafanya kazi yake gizani. Kwa hiyo tulisugua kwa brashi ya waya na msasa, rangi ya zamani tukaisugua ikiwa imelowa na vitambaa puani, kwa sababu rangi za miaka hiyo huweza kuwa na risasi. Kisha tukaosha kwa maji matamu ya jabia mara tatu, si ya kisima cha chumvichumvi. Mzee aliona ni ufujaji, kwa kuwa maji ya mvua huko huhifadhiwa kwa kunywa. Nilimwambia ndoo mbili. Tukaikausha juani saa nne za asubuhi, na rangi ya kwanza yenye zinki ikapakwa kabla ya saa tisa, umande wa jioni haujaanguka. Viungo vikajazwa gundi nyeusi ya magari, hiyo ndiyo kalafati yetu, kisha rangi mbili juu.

Pale ngozi ya alumini inapokutana na nguzo ya chuma tuliweka ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, na bolti zake tukazipaka rangi na kuzifunga juu ya vipande vya mpira huohuo, ili madini hayo mawili yasigusane. Kiwandani hawakufanya hivyo kwa uangalifu wa kutosha katika sehemu zote, na ukiyafungua magari hayo po pote pwani utaona unga mweupe palepale.

Ndani ya nguzo, mahali brashi haifiki, tulimimina nta iliyoyeyushwa na mafuta mazito, kwa kipira kirefu, gari likiwa limekwisha kupoa kabisa na hakuna moto karibu. Na tulifungua matundu ya chini ya kutolea maji. Yalikuwapo tangu kiwandani. Garaji ile iliyopita ilikuwa imeyaziba kwa puti, yote manne, kwa kufikiri kwamba tundu ni tundu.

Bwana Mwenyekiti, niliulizwa na mwanachama mmoja kabla ya kusimama hapa kama inafaa kutumia siku sita juu ya gari la miaka karibu hamsini. Nilipiga hesabu na mzee. Chesi lilikuwa zima kwa kuwa kwa miaka mingi alilipaka mafuta machafu ya injini, injini ni nzima, na gari jingine la kubeba mzigo huo asingelipata kwa mara ishirini ya bei ile. Kama chesi lingekuwa limeoza kama nguzo, ningemwambia aliuze kwa watu wa skrepa, na ningelipwa nauli tu. Fundi lazima aseme hivyo kabla ya kukata, si baada. Mlango sasa unafunga kwa kidole kimoja, na vipimo vya mshazari vilirudi vilevile isipokuwa milimita mbili.

Nilimwonyesha mzee mambo ya kufanya kila mwezi: maji matamu chini ya gari kila akitoka njia ya pwani, matundu ya chini yachokolewe kwa kijiti, nta iongezwe kabla ya mvua za masika. Bati la upande wa kulia lina lengelenge tayari, nalo tumepatana nitalifungua livu ijayo.

Ile karatasi ya ramani ya beseni la kushoto bado ninayo, imo katika kabati yangu karakana, rafu ya juu. Ye yote mwenye Land Rover ya aina hiyo na aje achore yake kutoka kwayo. Lakini asiondoke na ya kwangu.